Njia Ambazo Mwalimu Hakuzichora

Mwalimu hakuruhusu kifutio darasani kwake. Ukikosea, ulipiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa lako, ili anayetaka kuliona aweze kuliona, kisha ukaandika jibu jipya pembeni. Mimi nilikuwa na kifutio cha rangi ya waridi chenye harufu ya pipi, nilichopewa shuleni mwezi wa kwanza tulipofika Louisville, Marekani, na nilikipenda kuliko viatu vyangu. Mwalimu alikichukua Jumamosi ya kwanza akakitia mfukoni mwa koti lake. Nililia siku nzima, na mama yangu hakunisaidia hata kidogo, kwa sababu kwa mama yangu Mwalimu hakukosea.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitaeleza, maana hata yeye hakueleza. Ukimwuliza kwake ni wapi, alikutajia basi linalopita mbele ya apatimenti yake. Tulichojua ni kwamba alifundisha hesabu katika kambi ya wakimbizi Tanzania, huko tulikokulia Warundi wengi, na kwamba huku Marekani hakuna ofisi iliyotaka kusikia habari za ualimu wa kambini. Basi siku tano za wiki alifanya kazi ya ghala, akisukuma kigari kati ya rafu ndefu, na siku ya sita alikuwa Mwalimu. Nilikuwa mkubwa nilipogundua kwamba ana jina lingine.

Darasa lilikuwa Shively, kitongoji cha Louisville, katika ukumbi wa chini wa kanisa letu. Wazazi walitupeleka ili tusisahau Kiswahili, maana tulikuwa tumeanza kuwajibu kwa Kiingereza hata tukiulizwa kama tumekula. Mwalimu alikubali, halafu akafanya alivyotaka. Alisema yeye atafundisha hesabu, na Kiswahili kitakuja chenyewe kwa mlango wa nyuma. Na kweli kilikuja. Hadi leo nikijumlisha kitu kichwani najumlisha kwa Kiswahili, hata nikiwa kwenye mkutano wa kazi na watu wasiojua kwamba lugha hiyo ipo.

Sakafu ya ukumbi ule ilikuwa ya vigae vya mraba, vyeupe na vya kijivu. Mwalimu alipoiona alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa shamba lake. Alichukua utepe wa gundi akavizungushia vigae kumi na sita, vinne kwa vinne. Kila kigae alikiita nyumba. Nyumba ya kona ya huku ilikuwa kwetu, na nyumba ya kona ya mbali kabisa ilikuwa kwa shangazi. Mgeni anatoka kwetu anakwenda kwa shangazi, na anaruhusiwa kwenda mbele au kwenda kulia tu. Je, ana njia ngapi?

Sisi tulifanya kama watoto wowote, tukaanza kutembea. Tuligongana, tukabishana nani ameshapita wapi, wawili wakaanza kusukumana. Mwalimu alikaa kwenye kiti akatuacha tuchoke. Tulipochoka alimsimamisha kila mtoto kwenye kigae chake, akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu: "Usitembee. Simama, uulize wangapi wanakuja kwako." Wa kwanza anasema moja. Kila mwingine anamsikiliza aliye nyuma yake na aliye kushoto kwake, anajumlisha, anatamka jibu kwa sauti. Moja, moja, mbili, moja, tatu, tatu, namba zikapita ukumbini kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka zikafika kwa binti mmoja wa Kikongo aliyesimama kwa shangazi. Akasema ishirini, kisha akajiziba mdomo kwa mshangao. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameinua mguu.

Siku nyingine aliweka kiti juu ya kigae kimojawapo na kusema kwamba nyumba hiyo imefungwa. Kiti kilisema sifuri. Tulicheka sana kuambiwa tukisikilize kiti, lakini tulikisikiliza, na hesabu ikatoka. Watoto wakipungua kwa mafua, akina mama waliokuja kutuchukua walisimamishwa vigaeni na mikoba yao mabegani. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu aliyekataa kila wiki kwa maneno mengi, na kila wiki alikuwa wa kwanza kufika.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipomuuliza swali lililotusumbua sote wawili kwa nusu ya maisha yangu. Nilimwuliza: je, kama mgeni ataruhusiwa kurudi nyuma na kwenda kushoto pia, mradi asikanyage nyumba moja mara mbili? Nilikuwa nimechoka kusimama, na nadhani niliuliza ili tutembee. Mwalimu aliangalia vigae kimoja kimoja. Baadaye ndipo nilipoelewa alichokiona: mgeni wa namna hiyo akifika kwako, haitoshi kuuliza wangapi wanakuja. Lazima ujue kila mmoja amepita wapi na wapi hawezi kurudi, na hapo ule ujanja wa kusimama na kujumlisha unavunjika. Akasema, "Sijui. Nitakujibu." Akaandika swali kwenye daftari lake, na pembeni yake akaandika jina langu.

Vigae viwili kwa viwili vilikuwa na njia mbili, hilo hata mtoto wa chekechea angejibu. Vitatu kwa vitatu alivichora siku ile ile, akanionyesha: njia nane. Nilinakili nane zangu, nikaridhika, na watoto wote waliokuja baada yangu walifundishwa nane. Vinne kwa vinne vilimla majuma mengi ya mapumziko ya chakula kule ghalani. Vitano kwa vitano ndivyo vilivyomla miaka.

Alichora kila njia kwa mkono, mchoro mdogo wa upana wa kidole gumba, na alikuwa na utaratibu wake. Kwenye kila nyumba jaribu kulia kwanza. Kulia kukiwa kumefungwa au kumekwisha, jaribu chini, kisha kushoto, kisha juu. Ukikwama, rudi nyumba moja nyuma, ujaribu upande unaofuata. Kwa namna hiyo hakuna njia inayosahaulika na hakuna inayochorwa mara mbili. Chuoni wanauita algoriti, yaani mpangilio wa hatua, na wana jina maalumu kwa huu wa kwake wa kwenda na kurudi. Mwalimu aliuita adabu. Alisema kazi isiyo na adabu haifiki mwisho.

Na alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliyetukataza kutembea alikuwa mtembezi kuliko wote, na aliyetufundisha njia fupi alichelewa kila mahali, hata kwenye ubatizo alioalikwa kuusimamia. Kwa watoto alikuwa na subira ya ajabu, lakini mtu mzima akisema "mimi hesabu hazipandi", Mwalimu aligeuza uso kama aliyesikia tusi. Kwenye kwaya aliimba kwa sauti kubwa na mbovu, na mtu asiyevumilia kosa la tarakimu moja hakuwahi kujua kwamba anatoka nje ya wimbo tangu ubeti wa kwanza. Sifa alizitoa kwa kijiko cha chai. Ukifanya jambo la ajabu kabisa, ambalo mwalimu wako wa shule angekupa cheti na kukupiga picha, yeye alisema, "Sawa, endelea." Nilipata "sawa, endelea" tatu katika miaka minne, na nazikumbuka zote na nguo nilizovaa.

Mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Aliyahifadhi madaftari ya ile michoro ndani ya gunia la mchele lililooshwa, kabatini, juu ya mashuka. Aliwaambia akina mama wenzake kwamba wengine waume zao wanachukuliwa na mpira au na bia, wa kwake amechukuliwa na shangazi asiyekuwepo. Alisema hivyo huku akichonga penseli za mumewe kwa kisu cha jikoni, moja baada ya nyingine, na kuzipanga kwenye kikombe.

Kuna jambo moja lazima nilieleze vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka humo. Jumamosi moja ya baridi Mwalimu alitufundisha kwamba moja ni namba tasa. Alipofika kwake akakumbuka kwamba si tasa. Kesho yake, baada ya ibada, alianza kutembea nyumba hadi nyumba, familia kumi na moja, kando ya barabara kubwa ya Shively isiyo na njia ya miguu, kwenye theluji. Kwetu alifika jioni. Mama alimwona mlangoni na uso mzito, akashika kichwa, akidhani tumefiwa. Mwalimu aliniita mimi, mtoto, akasema mbele ya wazazi wangu kwamba alinifundisha kosa na amekuja kulitoa. Jumamosi iliyofuata alituambia darasani kwamba kosa la siku moja linatembelewa na kusahihishwa. Lakini siku atakayogundua amewafundisha watoto wa watu uongo kwa miaka, ataweka kalamu chini na hatafundisha tena. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetutajia saa ya basi, na sote tulimwamini.

Nilipofika miaka kumi na sita tulihamia Buffalo, kwa kuwa baba alisikia nyumba za mtaa wa Black Rock huko zinanunulika na viwanda vinaajiri. Mwaka uliofuata Mwalimu na mkewe walihamia Columbus, kwenye ghala lingine, na baada ya muda mfupi tukasikia ameshaanzisha darasa huko pia. Tulibaki tunaongea kwa simu kila Jumapili. Mimi nilimweleza masomo yangu, yeye alinieleza yuko daftari la ngapi. Nilipopata nafasi katika chuo kikuu kule Amherst, kando ya Buffalo, nikasomea kompyuta, mama alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje. Mwalimu alisema, "Sawa, endelea." Hiyo ilikuwa ya nne.

Mwaka wa pili tulipewa zoezi la kuhesabu njia kwenye gridi ya miraba, kwenda kulia na kwenda chini tu. Wenzangu waliandika programu zinazotembea njia moja moja, zikachoka kama tulivyochoka sisi ukumbini. Mimi niliandika mistari sita: kila mraba uusikilize ulio juu yake na ulio kushoto kwake, ujumlishe. Mhadhiri aliniuliza nimejifunzia wapi, nikasema kanisani, na watu wakadhani natania.

Wiki ile ile, kwa furaha tu, niliandika programu nyingine ya lile swali langu la utotoni. Nilianza na vitatu kwa vitatu, ili nijue kama programu inafanya kazi. Ilinipa kumi na mbili. Jibu nililijua ni nane, basi nikajua nimekosea mahali. Nilitafuta kosa siku mbili, mstari kwa mstari. Niliifuta yote nikaiandika upya, na upya wake ukanipa kumi na mbili. Mwishowe nilichukua karatasi nikachora kwa mkono, kulia, chini, kushoto, juu, kama nilivyofundishwa. Zilikuwa kumi na mbili. Mwalimu alikuwa ameziacha nne, na kwa miaka saba mfululizo watoto walikuwa wamefundishwa nane. Vile vitano kwa vitano kompyuta ilivimaliza kabla sijaondoa kidole: elfu nane mia tano na kumi na mbili.

Sikumpigia simu Jumapili ile. Nilijiambia nitamwambia nikipata maneno, na maneno hayakupatikana. Nilijua atakachofanya. Baadaye magoti yake yakaharibika, ghala likamwachisha, na Mama Mwalimu akaniambia kwamba siku hizi darasa ndilo linalomtoa kitandani. Basi nikazidi kunyamaza. Simu za kila Jumapili zikawa za kila mwezi, kisha za sikukuu. Yeye alidhani nina kazi nyingi, akanitetea kwa watu.

Miezi michache iliyopita alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imepungua lakini ilikuwa na furaha ya mtoto. Amemaliza, alisema. Vitano kwa vitano vimekwisha, madaftari kumi na moja. Jumamosi ijayo ataiandika namba hiyo ubaoni mbele ya watoto na wazazi, na anataka mwenye swali awepo ahakiki. Kisha Mama Mwalimu alichukua simu, akaingia nayo chumbani, nikasikia mlango ukifungwa. Aliniambia watoto wa siku hizi wana simu mfukoni, watatafuta hapo hapo. Akaniomba, kama kuna kitu hakiko sawa, nije nikiseme mimi, kisisemwe na mtoto mbele ya watu. Nilifahamu kwamba alikuwa ameshahisi.

Niliendesha gari Ijumaa kutoka Buffalo, nikalala kwao. Asubuhi tulikaa jikoni. Njia kuu inapita karibu sana na nyumba yao kiasi kwamba malori yanasikika ukiwa unakunywa chai. Mwalimu alikuwa amekonda, miwani imekuwa minene, lakini shati alilipiga pasi. Aliweka madaftari mbele yangu, yote kumi na moja, akanitajia jumla yake. Ilikuwa pungufu, na si kwa chache. Niliomba nipewe saa moja, nikafungua kompyuta yangu.

Nilianza na daftari la kwanza, kwenye zile nane za zamani. Nilichora zile nne alizoziacha, nikaziweka kando kwa kando, nikaziangalia kwa mara ya kwanza zikiwa pamoja. Zote zilifanya jambo moja. Mgeni alifika nyumba inayopakana na ya shangazi, akabakiza hatua moja tu, kisha akageuka akaenda zake, akazunguka, akaja kuingilia upande wa pili. Nilifungua daftari la tatu, la saba, la kumi. Michoro maelfu, na hakuna hata mmoja ambamo mgeni anafika mlango wa pili kwa shangazi na kugeuka. Basi nikaongeza mstari mmoja kwenye programu yangu: anayefika jirani na shangazi lazima aingie. Namba iliyotoka ilikuwa ile ile ya Mwalimu, mpaka tarakimu ya mwisho.

Niliilinganisha mara tatu. Mzee yule, kwa penseli, kwenye mapumziko ya ghala na kwenye meza ya jikoni, kwa miaka kumi na mitatu, hakuwa amesahau njia hata moja wala kurudia hata moja. Nilianza kulia pale pale mezani. Aliniuliza taratibu kama ni mbaya sana. Nilimsogezea mmoja wa ile michoro minne.

Aliusogeza karibu na miwani. "Huyu anakwenda wapi?"

"Kwa shangazi."

"Si ameshafika? Shangazi yuko hapo, mlango wa pili. Anamwona."

"Amegeuka, Mwalimu. Atazunguka, ataingilia huku."

"Amefika pale akageuka." Alivua miwani. "Nani anafanya hivyo?"

Hakuwa anabisha, alikuwa anauliza kweli. Nilikumbuka alivyokuwa akitembea Shively, jinsi safari ya kwenda kununua chumvi ilivyochukua nusu siku, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya mlango wa mtu anayemjua bila kubisha, kuingia, na kumsalimu kila aliyemo, hata kichanga kilicholala. Kule ghalani walimwonya mara mbili kwa hilo. Kosa lile hakulifanya kwa uzembe. Halikumjia akilini tu kwamba kuna mtu wa namna hiyo.

"Mimi," nikamwambia. "Mimi nimefanya hivyo. Mara nne."

Nikamweleza. Ukitoka Buffalo kwenda Louisville kwa gari unapita Columbus, hakuna namna. Nilikwenda kwenye harusi ya binamu yangu, nikaenda kwenye msiba wa baba mdogo, nikaenda mara mbili kusalimia tu. Kila mara niliona kibao cha kutokea kwao, nikashika usukani, nikapita. Nilipita kwa sababu nilikuwa na namba kumi na mbili kichwani na niliogopa ataisoma usoni mwangu. Mama Mwalimu alikuwa anakoroga maharage. Mwiko ulisimama.

Mwalimu hakuuliza habari za kupita. Aliuliza ni tangu lini nimejua. Nilimwambia miaka sita. Alihesabu kitu kwa midomo, na nilijua anahesabu nini: watoto aliowafundisha miaka hiyo sita.

"Miaka sita umeniacha niwafundishe," alisema.

Hakupaza sauti. Sijawahi kusikia neno zito kama lile, na lilikuwa langu, nilistahili. Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa koti, akasema tutachelewa.

Darasani walikuwepo watoto kama ishirini na wazazi nyuma yao, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mwalimu hakutaja jina langu. Aliandika ubaoni nane, akapiga juu yake mstari mmoja mwembamba, akaandika kumi na mbili. Aliwaambia kwamba amewafundisha kosa, na kaka zao na dada zao kabla yao, na kwamba aliwahi kusema mtu akifundisha uongo kwa miaka atafanya nini. Kisha akaiweka kalamu kwenye ukingo wa ubao. Watoto wakatazamana. Msichana mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama wiki ijayo kuna darasa au hakuna. Kabla hajajibiwa, mama mmoja Mkongo, bado na sare yake ya kutunza wazee, akainuka nyuma.

"Bon, Mwalimu," alisema kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganywa na Kifaransa. "Ni njia ine tu, na unaacha batoto? Donc uongeze ile ine, batoto beendelee."

Watu walicheka, na watoto wakacheka kwa kuwa wakubwa wamecheka. Mwalimu alimjibu kwa heshima kwamba kwenye vigae vitano kwa vitano si nne, ni nyingi mno. Yule mama akasema vizuri, si ameacha kazi ya ghala, muda anao. Mwalimu hakucheka. Alishukuru watu kwa kuja, akafunga kwa sala, akachukua koti lake. Kalamu aliiacha pale pale ukingoni. Mama Mwalimu aliniangalia nami nikamwangalia, hatukujua kama ndiyo ameacha kufundisha.

Tulirudi nyumbani tukala. Nilitaka kuondoka mapema, na ukweli ni kwamba nilitaka kukimbia. Nilipoinuka kuaga, Mwalimu aliniambia nikae. Alikwenda kabatini akarudi na daftari jipya, ambalo halijawahi kufunguliwa, na penseli moja. Nilimwambia kompyuta imeshajua ziko ngapi alizoziacha, kama anataka nimtajie.

"Usiniambie," alisema. "Watoto wataniuliza wiki ijayo nimefika wapi."

Mama Mwalimu aliketi polepole kwenye kiti cha karibu, akajifuta uso kwa kanga yake. Mwalimu alichora vigae tisa, vitatu kwa vitatu, akaweka penseli kwetu. Alikwenda kulia, kulia tena, akashuka hatua moja. Alikuwa jirani na shangazi. Penseli ikasimama hapo. Nilidhani hataweza kumgeuza mgeni. Aliniangalia juu ya miwani.

"Ile mara ya kwanza, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Louisville, Mwalimu. Kwenye harusi."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana."

"Haya, pita," alisema, akaugeuza mstari.